Mguu Uliokosa Ardhi: Nilivyochagua Pikipiki ya Njia za Milimani

Kazi yangu ni uhamilishaji, yaani kuwapandisha ng'ombe wa maziwa kwa mrija wa mbegu badala ya dume, katika vijiji vya wilaya ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara Magharibi, na kazi hii huenda kwa saa. Mfugaji akimwona ng'ombe wake asubuhi amesimama akikubali kupandwa na wenzake, mimi natakiwa niwe nimefika kabla ya jua kuzama siku ileile. Akimwona jioni, natakiwa nifike kesho yake asubuhi. Nikipitisha hapo, wakati wa yai umekwisha, na mfugaji huyo atamlisha ng'ombe wake kwa takribani siku 21 nyingine bila mimba, akisubiri joto la kutaka kupandwa lirudi. Nyuma ya pikipiki hubeba mtungi wa lita tatu wenye naitrojeni ya kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani yake mna mirija ya mbegu ambayo ikipata joto kabla ya wakati wake haina thamani tena. Mtungi huo lazima usimame wima muda wote.

Naeleza haya mwanzoni kwa sababu nilipokuwa natafuta pikipiki yangu ya kwanza ya njia za milimani sikuyafikiria hata kidogo. Nilifikiria injini.

Nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka 29, Korogwe, mahali pa tambarare, kwa pikipiki ya kawaida ya bodaboda niliyoazimwa na binamu yangu. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nabadilisha gia bila kuangalia chini, nikapata leseni, nikajiona niko tayari kupanda Lushoto. Kila niliyemuuliza ninunue pikipiki gani aliniambia neno lilelile, kwamba milima inataka nguvu, na mimi kwa ugeni wangu nikaelewa kwamba nguvu maana yake ni cc, yaani ukubwa wa injini. Nikashuka Dar es Salaam nikanunua pikipiki ya mtumba ya cc 250, ndefu, ya aina iliyoundwa kwa ajili ya kukimbia kwenye vumbi na kuruka matuta, yenye injini ya kupozwa kwa maji na stata ya kubonyeza, bila kiki. Siti yake ilikaribia sentimita 90 kutoka chini, na mimi nina urefu wa sentimita 158. Muuzaji aliishikilia nikapanda, nikazunguka mtaa wa lami mara mbili, na kwa kuwa ardhi ilikuwa sawa na kila niliposimama palikuwa na ukingo wa barabara wa kukanyagia, sikuona tatizo lolote.

Tatizo lilinisubiri hadi Aprili, katikati ya masika. Mfugaji mmoja wa kitongoji kilicho juu ya barabara ya Mlalo alinipigia simu jioni, nami nikaondoka alfajiri. Njia ya kwenda kwake huiacha barabara kuu na kupanda katikati ya matuta ya kabichi na viazi, upana wake hauzidi hatua mbili, na upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande wa pili ni bonde. Anayeujua udongo mwekundu wa Usambara anafahamu kwamba huteleza zaidi mvua ikiwa ya manyunyu kuliko ikiwa kubwa, kwa sababu manyunyu hulainisha ngozi ya juu tu na kuiacha kama sabuni. Usiku huo yalikuwa yamepita manyunyu. Nilikuwa napanda vizuri, kwa gia ya kwanza, hadi kwenye kona ambako mama mmoja alikuwa anashuka na mzigo wa kuni kichwani. Nikasimama kumpisha, nikateremsha mguu wa kushoto, ule wa upande wa bondeni. Mguu ulikwenda chini, ukaendelea kwenda, haukukuta kitu.

Sikuanguka kwa kishindo. Pikipiki ililala polepole juu ya ukingo, nami nikiwa bado nimeshika usukani kana kwamba mikono yangu ingeweza kuizuia, na ilipotulia magurudumu yake yalikuwa juu kuliko siti. Mtungi ulichomoka kwenye mpira nilioufungia, ukalala ubavu, kizibo kikatoka, na ukungu mweupe ukatambaa juu ya matuta ukiyaacha majani ya viazi yamekakamaa kama vioo. Yule mama alitua kuni zake, akanipa pole, akaniuliza kama mguu uko salama, kisha tukashikana kuiinua ile pikipiki. Haikuinuka. Petroli ilikuwa inachuruzika kwenye kifuniko cha tangi, na mimi sikujua hata kwamba jambo la kwanza lilikuwa kufunga koki ya petroli.

Kijana aliyekuwa analima hapo juu ndiye aliyetuonyesha. Hakujaribu kuinua chochote. Alishika gurudumu la nyuma akaizungusha pikipiki ikiwa imelala vilevile, taratibu, mpaka magurudumu yakaelekea bondeni na siti ikawa upande wa mlimani, kisha akaisimamisha kama mtu anayesimamisha ngazi. Lakini kazi yangu ilikuwa imeharibika. Stata ilizunguka ikachoka, betri ikafa, kiki haikuwepo, na kwenye rejeta palikuwa na jiwe limepenya, maji ya kijani yanadondoka. Mirija yote iliyokuwa mtungini ilikuwa imekwisha. Nilimpigia mfugaji simu kumweleza, naye akajibu, "Haya, Dokta, ni mipango ya Mungu." Ningependa angenifokea. Niliyajua maziwa ya ng'ombe yule yanamsomesha nani.

Fundi wa Lushoto aliyeipokea ile pikipiki ni mtu wa maneno machache. Aliitazama akiizunguka, akafuta mikono, akaniambia, "Dada dokta, rejeta ya hii nitaitoa wapi? Tairi ya mbele ya inchi 21 ikipasuka, hapa anauza nani? Na wewe peke yako porini, unaiinua?" Maswali hayo matatu ndiyo yaliyonifundisha kununua pikipiki. Hakuna hata moja linalohusu kasi, na hakuna hata moja ambalo mimi nilikuwa nimemuuliza muuzaji.

Nikaiuza kwa hasara, na kwa miezi miwili sikununua nyingine. Niliazima. Huo ndio ushauri ambao ningempa mwendeshaji mgeni yeyote kabla ya mwingine wote, ingawa najua si kila mtu ana watu wa kumwazima: panda njia yako mwenyewe, ukiwa na mzigo wako mwenyewe, kwa pikipiki za aina tofauti, kabla hujatoa fedha. Mwendeshaji hodari anaweza kusoma karatasi ya vipimo akajua pikipiki itakavyokuwa mikononi mwake. Mgeni hawezi, kwa sababu bado hajui yeye mwenyewe anaendeshaje.

Nilianza na Boxer ya cc 150, pikipiki ya bodaboda ambayo kila kijiji kinaifahamu. Ni fupi, miguu yangu yote miwili ilifika chini, na spea zake zinauzwa mpaka kwenye maduka ya sukari na sabuni. Wakati wa kiangazi ilinitosha kabisa, na ikivalishwa tairi za kashata, zile zenye meno makubwa yaliyoachana, huenda mahali ambapo mgeni hawezi kuamini. Nawaheshimu sana vijana wanaopandisha abiria na magunia hadi Mtae kwa pikipiki hizi kila siku. Lakini wao wana mikono yenye uzoefu wa miaka kumi. Mimi kila nilipokutana na mawe, shokapu zake fupi zilinirushia kila kishindo mabegani, gurudumu dogo la mbele lilizama kwenye mashimo ambayo kubwa lingeyavuka, na chini ya injini niliyasikia mawe yakigonga. Mtungi ulifika ukiwa wima, ila mimi nilifika nimechoka kiasi kwamba mkono ulitetemeka wakati wa kuingiza mrija, na kazi ile haitaki mkono unaotetemeka.

Mwenzangu wa kazi akaniazima Yamaha DT 125 ya zamani. Nilipoipandisha mlima nilifurahi sana: ni nyepesi, ina gurudumu la inchi 21 mbele na la 18 nyuma, na injini yake ya mizunguko miwili (two-stroke) huitika mara tu unapovuta mafuta. Kilichonifanya niirudishe ni mteremko. Injini ya mizunguko miwili ukiachia mafuta haikushikilii sana. Pikipiki inaendelea kuteleza kama baiskeli na kazi yote inabaki kwa breki, na mgeni anayezibana breki kwa hofu juu ya udongo mbichi ndiye anayeanguka. Tena oili ya injini hiyo huingia pamoja na petroli, kwa hiyo ukishuka mlima mrefu umefunga mafuta kabisa, injini inazunguka kwa kasi huku inapata oili kidogo. Mwenzangu alikuwa anagusa mafuta kidogo kila baada ya muda anaposhuka, bila hata kufikiri. Mimi nilikuwa na mambo mengi mno ya kufikiri.

Pikipiki niliyoipenda kuliko zote katika miezi ile ilikuwa Yamaha AG 100 iliyowahi kutumika kwenye mradi wa kilimo. Hiyo iliundwa kwa ajili ya watu wa mashambani na inaonekana: keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa kabisa isipate tope, na stendi pande zote mbili. Mtu ambaye hajawahi kuegesha pikipiki kwenye mwinamo hawezi kuelewa thamani ya stendi mbili. Stendi ya kushoto peke yake, ukiegesha upande wa kushoto ukiwa ndio wa bondeni, pikipiki inalala mno na mzigo unaning'inia; ukiwa ndio wa mlimani, inasimama wima mno na upepo unaweza kuiangusha. Kwa mtungi wangu lile lilikuwa jambo kubwa. Lakini nayo ni ya mizunguko miwili, ile niliyoipata ilikuwa imechoka, na nilipoulizia pistoni yake katika maduka ya Lushoto, Soni na Mombo sikuipata. Niliirudisha kwa masikitiko.

Mwishowe nilichagua Honda XR150L, na nitaeleza kwa nini bila kudai kwamba inamfaa kila mtu. Injini yake ni ya cc 149, mizunguko minne, ya kupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe, na ukiachia mafuta katika gia ya kwanza inakushikilia mteremkoni kama mtu aliyekukamata shati. Hii yangu ina stata na kiki pia. Gurudumu la mbele ni la inchi 19, ambalo ni njia ya kati baina ya lile dogo la bodaboda na lile kubwa la 21, na la nyuma ni la inchi 17, kipimo ambacho tyubu yake naipata hata kijijini. Tangi ni la lita 12. Uzito wake haufiki kilo 130. Siti iko karibu sentimita 83 kutoka chini, na hapo ndipo nilipositasita, maana kwa urefu wangu bado ni juu. Nilichojifunza ni kwamba kipimo cha siti kinachoandikwa ni cha pikipiki isiyo na mtu. Ukikaa, shokapu hushuka, na kiasi zinachoshuka ndicho kinachoamua kama kidole au unyayo utagusa ardhi. Kwa hiyo usichague kwa karatasi. Kaa juu yake, ukiwa umevaa mabuti utakayoendeshea, na mzigo ukiwa umefungwa.

Kabla ya kulipa nilimwomba mwenye pikipiki twende uwanja wa mpira. Nilimwambia nataka kuilaza chini. Alishangaa, akakataa, akakubali nilipotandika magunia mawili kwenye majani. Nikaizima, nikafunga koki, nikailaza taratibu upande wa kulia, stendi ikiwa imefunguliwa tayari upande wa pili ili nikiinua isipitilize. Nikageuza usukani hadi mwisho kuelekea chini, nikaipa siti mgongo, nikachuchumaa makalio yakigusa ukingo wake, mkono mmoja kwenye mpini wa usukani na mwingine kwenye chuma cha keria, kisha nikarudi nyuma kwa hatua ndogondogo nikisukuma kwa mapaja. Iliinuka. Niliirudia mara tatu, kwa sababu mtu anaweza kuinua kitu mara moja kwa aibu ya kutazamwa, lakini njiani atakiinua akiwa amelowa na amechoka. Ile ya cc 250 nisingeweza hata mara moja, na kama ningeijaribu hivyo Dar es Salaam, ng'ombe wa Mlalo angepata mimba kwa wakati wake.

Nilifanya na mengine uwanjani pale. Niliirudisha kinyumenyume kwa miguu kwenye mwinamo wa pembeni, maana katika njia nyembamba ni mara nyingi unalazimika kurudi. Niliigeuza katikati ya mistari miwili niliyoichora kwa upana wa njia ninazozijua. Niliomba ibaki kwangu hadi asubuhi ili niiwashe ikiwa ya baridi, kwa kuwa pikipiki ya mtumba iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika huficha mengi. Spoku nilizigonga moja moja kwa spana kusikia ile iliyolegea, na namba za chasisi fundi alizilinganisha na kadi. Hayo ya ukaguzi kila fundi mwaminifu anayajua. Mpeleke, umlipe muda wake.

Baada ya kununua nilifanya marekebisho manne tu. Siti niliipeleka kwa fundi wa makochi, akafungua ngozi na kuchonga sponji kwa kisu kirefu, zaidi pembeni kuliko katikati, ili mapaja yasitanuke; ilishuka kama sentimita tatu na unyayo wangu mmoja sasa unakaa chini vizuri. Wapo walionishauri nishushe shokapu. Nilikataa, kwa sababu ukishusha shokapu unashusha na injini, na mawe hayajashuka. Sproketi ndogo ya mbele, ile inayovuta cheni, nilibadilisha nikaweka yenye jino moja pungufu, hivyo gia ya kwanza ikawa ya polepole na yenye nguvu zaidi, na naweza kutambaa nyuma ya mama mwenye mzigo bila kubana klachi hadi itoe harufu ya kuungua. Nikavalisha tairi za kashata. Na mtungi niliutengenezea sanduku la mbao lenye sponji, likafungwa kwa boliti kwenye keria, karibu na mgongo wangu kadiri ilivyowezekana. Awali nilikuwa naufunga mwisho kabisa wa keria, na kila nilipopanda mlima mkali usukani ulikuwa mwepesi mno, gurudumu la mbele likitaka kunyanyuka. Nilidhani ni nguvu za injini, kumbe ni mahali pa mzigo.

Fedha iliyobaki niliigawa kati ya helmeti nzuri na mabuti yanayofunika kifundo cha mguu. Nasema wazi kwamba ningenunua pikipiki ya bei ndogo zaidi kuliko kuviacha hivyo viwili.

Kisha nikajifunza upya, safari hii mahali pa mwinamo. Nilijifunza kusimama juu ya vikanyagio ili pikipiki icheze chini yangu bila kunitikisa, kuegemea mbele ninapopanda na kurudi nyuma ninaposhuka. Zaidi ya yote nilijifunza kusimama. Kila nikiona lazima nisimame, sasa naangalia kwanza ni upande gani ulio juu, na mguu huo ndio unaoshuka. Mguu wa kulia ukishuka, breki ya nyuma inabaki bila mtu, kwa hiyo ni lazima breki ya mbele iwe imeshikwa tayari na vidole viwili kabla unyayo haujagusa. Jambo hili dogo nililifanyia mazoezi jioni baada ya jioni kwenye ukingo wa uwanja, nikipanda hatua kumi, nikisimama, nikiondoka tena.

Masika yaliyofuata yule mfugaji wa juu ya barabara ya Mlalo alinipigia tena. Manyunyu yalikuwa yamepita usiku. Kwenye kona ileile nilikuta mbuzi watano na mtoto wa shule anawafukuza kwa fimbo ya mkaratusi, nikakamata breki ya mbele, nikateremsha mguu wa kulia upande wa ukuta, ukakuta udongo. Mbuzi wakapita wakinusa tairi. Nikaondoka kwa gia ya kwanza, klachi ikishika polepole, gurudumu la nyuma likateleza kiganja kimoja kisha likauma.

Mfugaji alikuwa ameshachemsha maji ya kuyeyushia mrija na kuyapoza kama nilivyomfundisha, nikayapima yakawa nyuzi 37. Nilipofungua sanduku, mtungi ulikuwa wima vilevile nilivyouweka alfajiri, na zizini ng'ombe alikuwa bado analia.